Mnunuzi mmoja au wengi? Swali la Singida sasa limefika kwenye kompyuta

Na Mwandishi Wetu, Singida

KAMA kuna mkoa ambao hauhitaji kuelezwa tofauti ya kuuza kwa mnunuzi mmoja na kuuza kwa wanunuzi wengi, mkoa huo ni Singida. Mzee yeyote aliyelima alizeti, karanga au mtama Iramba, Manyoni au Singida Vijijini amepitia zama zote mbili, na kila moja ilimwachia kovu lake. Wiki hii ukurasa huu unaweka kando kidogo bei za gunia ili kulitazama swali hilo hilo, ambalo sasa linabishaniwa na wataalamu wa kompyuta duniani: je, ni salama zaidi kuwa na akili mnemba moja yenye nguvu kupita zote, au ziwe kadhaa zinazoshindana?

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la watu wa California peke yao. Akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na maandishi na takwimu nyingi kisha zikajibu, zikashauri na kuamua, zimekwishaingia kwenye simu za wafanyabiashara wetu. Kijana mwenye mashine ya kukamua alizeti anaiuliza programu jinsi ya kuandika mkataba wa kuuza mashudu. Mwenye hisa chache za Soko la Hisa la Dar es Salaam anaiuliza auze au asubiri. Hayo ni madogo. Makubwa ni kwamba kampuni zinazozitengeneza zinasema wazi kuwa lengo lao ni kutengeneza akili itakayompita binadamu katika kazi nyingi. Ikifika hapo, atakayeishika, au watakaoishika, watakuwa wameshika mizani ya soko lote.

Zama za mnunuzi mmoja

Tuanze na historia ya kwetu. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Nafaka na mbegu za mafuta zikabaki mikononi mwa mashirika ya umma, hasa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na shirika la kuuza mazao nje, GAPEX. Mkulima alikuwa na mlango mmoja wa halali wa kupitishia gunia lake.

Leo ni rahisi kuzicheka zama hizo, lakini mwandishi huyu hapendi kuzicheka. Mfumo ule ulikuwa na sababu zake. Bei ilitangazwa kabla ya msimu, na kwa miaka kadhaa ilikuwa moja nchi nzima, hivyo mkulima wa kijiji kisicho na barabara hakuadhibiwa kwa kuwa mbali na reli. Hapakuwa na dalali wa kumwambia mkulima kuwa bei imeanguka Dar es Salaam huku dalali mwenyewe akijua imepanda. Kosa likitokea, ilijulikana nani wa kulaumiwa.

Tatizo ni kwamba kujua wa kulaumiwa hakukusaidia kitu, kwa vile hapakuwa na kwingine kwa kwenda. Shirika lilipokosa fedha, mkulima alipewa karatasi akangoja. Bei ilipopangwa vibaya, ilipangwa vibaya kwa kila mtu siku hiyo hiyo, kuanzia Kiomboi mpaka Songea. Na kwa kuwa hapakuwa na bei ya pili ya kulinganisha nayo, hata wakubwa wenyewe walichelewa kugundua kuwa wamekosea. Wakulima wakafanya walichoweza: wakapunguza eneo la zao linalonunuliwa na shirika, na mengine wakayauza usiku.

Hapo kwenye usiku pana somo ambalo mara nyingi husahaulika. Sheria ilisema mnunuzi ni mmoja, lakini sokoni hakuwa mmoja hata siku moja. Magendo yalikuwapo muda wote, na msako mkubwa wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 haukuyamaliza. Mwaka uliofuata Serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara, vyama vya ushirika vikarudishwa, na ilipofika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi walikuwa wakiingia vijijini na malori yao mchana kweupe.

Sasa tuhamie kwenye kompyuta. Hoja ya akili mnemba moja inafanana sana na hoja ya mnunuzi mmoja. Mwanafalsafa Nick Bostrom, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu akili zinazompita binadamu, alijadili uwezekano wa dunia kuwa na mwamuzi mmoja wa juu asiye na mpinzani. Uzuri wake ni kwamba hapana mbio. Mwenye kutengeneza hana jirani wa kumkimbiza, kwa hiyo ana nafasi ya kupima kila kitu mara kumi kabla ya kukitoa. Kampuni ya OpenAI, iliyoanzishwa mwaka 2015, iliandika katika waraka wake wa mwaka 2018 kwamba ikiwa mradi mwingine wenye nia njema na unaojali usalama utaikaribia hatua hiyo kubwa kabla yake, basi itaacha kushindana nao na kuanza kuusaidia. Yaani ilikubali, kwa maandishi, kuwa kuna hali ambayo ushindani ni hatari kuliko kushindwa.

Lakini mlinzi mmoja naye hulindwa na nani? Novemba 17, 2023 bodi ya kampuni hiyo hiyo ilimwondoa kazini mkurugenzi wake mkuu, Sam Altman. Karibu wafanyakazi wote wakatishia kuondoka, mwekezaji mkubwa, Microsoft, akasema yuko tayari kuwachukua, na zilipopita siku tano Altman alikuwa amerudi kitini, wakaondoka wajumbe kadhaa waliomfukuza. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule si kazi ya ukurasa huu. Tunachokiona ni kuwa breki iliyowekwa kwenye karatasi ilikanyagwa mara moja tu, na gari halikusimama.

Magendo nayo yapo. Februari 2023 kampuni ya Meta ilitoa akili mnemba yake, Llama, kwa watafiti waliochaguliwa. Machi haikwisha kabla faili zake hazijavuja na kusambaa kwenye intaneti. Baadaye Meta yenyewe iliamua kuzitoa wazi matoleo yaliyofuata. Januari 2025 kampuni ya Kichina ya DeepSeek ilitoa ya kwake wazi, mtu yeyote aichukue, na wawekezaji wakashtuka kiasi kwamba Januari 27 thamani ya hisa za Nvidia, wauzaji wakuu wa vipuri vya kompyuta hizi, ilipungua kwa dola bilioni 589 kwa siku moja. Anayependekeza leo kuwa akili mnemba iwe moja tu inabidi aeleze kwanza atawafanya nini hawa wa usiku. Serikali zenye polisi na vizuizi vya barabarani hazikuweza kuzuia magunia ya mahindi, na gunia la mahindi halinakiliki kwa kubonyeza kitufe.

Zama za lumbesa

Basi wawe wengi? Hapa pia Singida haihitaji mwalimu kutoka nje.

Wanunuzi binafsi walipofunguliwa milango, mkulima alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Alilipwa taslimu. Aliweza kumkataa huyu akamsubiri yule. Mashine ndogo za kukamua mafuta ziliongezeka mjini Singida na pembezoni mwa barabara kuu, na baadaye vikaja viwanda vikubwa, kikiwamo cha Mount Meru Millers kilichozinduliwa mwaka 2018. Ushindani ulifanya kazi yake.

Ulifanya na kazi nyingine. Kila mfanyabiashara wa vitunguu au viazi nchini anaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kwa kushonea wavu au kipande cha gunia jingine. Sheria inataka mazao yapimwe kwa kilo, gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka na miaka. Kwa nini haiishi? Si kwamba wanunuzi wote ni watu wabaya. Muulize mmoja mmoja, atakwambia lumbesa ni dhuluma na inaua mgongo wa mpakiaji. Halafu atakwambia kuwa akiacha yeye, jirani yake haachi, na akifika Dar es Salaam na gunia halali atashindwa na mwenye gunia la kilemba. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Ndugu msomaji, mbio za akili mnemba ni lumbesa ya aina hiyo. OpenAI ilitoa ChatGPT Novemba 30, 2022. Kabla miezi mitatu haijaisha, Microsoft na Google walikuwa wanatangaza za kwao katika wiki moja. Google ilikuwa na haraka kiasi kwamba tangazo lake lenyewe lilionyesha programu yake, Bard, ikitoa jibu la makosa kuhusu darubini ya anga ya James Webb. Februari 8, 2023 kampuni mama, Alphabet, ilipoteza karibu dola bilioni 100 za thamani sokoni. Soko liliadhibu aibu, lakini halikuadhibu haraka yenyewe. Wote waliendelea kukimbia.

Machi mwaka huo ilitolewa barua ya wazi iliyotaka utengenezaji wa akili mnemba kubwa zaidi usimame kwa miezi sita. Maelfu ya watu walitia saini, akiwamo tajiri Elon Musk. Hakuna kampuni kubwa iliyosimama. Na Musk mwenyewe, mwaka huo huo, akafungua kampuni yake ya akili mnemba, xAI. Mwandishi huyu haoni unafiki hapo kuliko anavyouona kwa mnunuzi wa vitunguu. Alijua haifai, na alijua wengine wataendelea. Mei 2024 naye Jan Leike, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kitengo cha usalama cha OpenAI, alijiuzulu akisema hadharani kuwa usalama umewekwa nyuma ya bidhaa za kung'aa.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya njia hizi mbili inapoonekana. Ikiwa akili mnemba ni moja, hatari iko kwenye kosa moja kubwa ambalo hapana wa kuligundua. Zikiwa nyingi, hatari inakuja kwa vipande vidogo vidogo: mtihani uliofupishwa leo, onyo lililofutwa kesho, kila hatua ikiwa na sababu nzuri ya kibiashara, mpaka kilemba kinakuwa kikubwa kuliko gunia.

Wanapoanza kuelewana

Watetezi wa kuwa na akili mnemba nyingi wana jibu zuri. Wanasema zitachungana. Ya huyu ikidanganya, ya yule itaumbua, kama ambavyo mkulima mwenye wanunuzi watatu anawatumia wawili kumpima wa tatu. Ni hoja ya kweli, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote upande huo. Lakini inadai kwamba wanunuzi watatu wasiwe wamekutana chini ya mti asubuhi.

Wachumi wanne wa Italia, Calvano na wenzake, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio lililopaswa kusomwa na kila mwenye duka. Walitengeneza programu za kupanga bei zilizojifunza zenyewe kwa kujaribu na kukosea, wakaziweka kushindana katika soko la ndani ya kompyuta. Hazikuwasiliana, na hakuna aliyeziagiza kuelewana. Hata hivyo zilijifunza kupandisha bei juu ya bei ya ushindani, na iliyojaribu kushusha ili ivute wateja iliadhibiwa na nyingine mpaka ikarudi mstarini. Hakuna mkutano uliofanyika wala barua iliyoandikwa, kwa hiyo polisi wangekamata nini?

Zikiacha kuelewana nazo, zinaweza kuumizana kwa upumbavu. Aprili 2011 wauzaji wawili wa vitabu kwenye duka la intaneti la Amazon walikuwa wakiuza kitabu cha kisayansi kuhusu nzi, The Making of a Fly. Programu ya muuzaji wa kwanza ilipanga bei iwe mara 0.9983 ya bei ya mwenzake, yaani chini kidogo. Ya pili ilipanga bei iwe mara 1.270589 ya bei ya wa kwanza. Kila moja peke yake ilikuwa na akili. Pamoja zilipandishana kila siku bila mtu kuangalia, mpaka kitabu kikafikia dola 23,698,655.93, bila kuhesabu gharama ya posta. Tunacheka, kwa sababu hakuna aliyekinunua. Hakuna aliyecheka Mei 6, 2010, pale programu za kuuza na kununua hisa New York zilipokimbizana na kushusha kipimo cha Dow Jones karibu pointi 1,000 kisha kukirudisha sehemu kubwa, yote ndani ya muda mfupi kuliko wa kupakia lori.

Mwenye hisa chache DSE atasema soko letu ni dogo na la polepole, hayo hayatuhusu. Huenda ni kinyume chake. Katika soko lenye wauzaji na wanunuzi wachache kwa siku, watu mia tano wakiuliza swali moja kwa mshauri mmoja wa kompyuta na kupata jibu moja, wote wanaelekea mlango mmoja, na mlango wenyewe ni mwembamba.

Wengi wa jina

Jambo linalofuata ndilo ambalo, kwa maoni ya ukurasa huu, wafanyabiashara wanaweza kulielewa vizuri kuliko maprofesa. Kuhesabu majina sokoni si kuhesabu wanunuzi. Unaweza kukuta madalali kumi wamesimama kwenye mizigo, kila mmoja na daftari lake, na wote kumi wanampigia simu tajiri mmoja. Siku tajiri asipopokea simu, soko limekufa.

Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Singida ipo kwenye njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma mpaka Shinyanga. Hapo haijalishi mji una mashine ngapi za kukamua na zinamilikiwa na watu wangapi. Kwa umeme, zote ni mashine moja. Anayeendelea kukamua ni mwenye injini ya dizeli, ile ambayo wenzake humcheka kwa moshi wake.

Wiki sita baadaye, Mei 12, 2024, somo lilirudi kwa sura nyingine. Intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Nchi haikuwa imetegemea mkongo mmoja wa baharini, ilikuwa na zaidi ya mmoja, na wahandisi walifanya hivyo makusudi. Lakini EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, upande wa Afrika Kusini. Nyaya mbili zinazopita karibu karibu chini ya bahari ile ile ni mbili kwenye hesabu za kampuni tu. Na Julai 19 mwaka huo huo, sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Viwanja vya ndege, benki na hospitali ambazo hazina uhusiano wowote zilianguka asubuhi moja, kwa sababu zilikuwa zimemwajiri mlinzi mmoja.

Tuzitazame akili mnemba kwa jicho hilo. Majina yapo mengi: OpenAI, Google, Anthropic, Meta, xAI, DeepSeek na wengineo. Lakini sehemu kubwa ya vipuri vyao vya nguvu hubuniwa na Nvidia, na vile vya hali ya juu kabisa hutengenezwa zaidi na kiwanda kimoja cha Taiwan, TSMC, ambacho nacho hutegemea mashine maalumu za mwanga zinazouzwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Zimejifunza kwa kiasi kikubwa kutokana na maandishi yale yale ya intaneti, kwa mbinu zinazofanana. Kasoro iliyo ndani ya mbinu yenyewe inaweza kuwa ndani ya zote. Katika hali hiyo mtu anaweza kupata hasara za pande zote mbili: mbio za wengi, na anguko la mmoja.

Upande mwingine wa jambo hilo usisahaulike, nao ni faida. Kwa kuwa mlango wa vipuri ni mwembamba, hapo ndipo panapoweza kuwekwa mizani. Marekani ilianza Oktoba 2022 kuweka masharti ya kuuza vipuri hivi kwa China. Ilifanya hivyo kwa faida yake yenyewe, si kwa ajili ya mkulima wa Mkalama, lakini imeonyesha kuwa mlango unafungika, angalau nusu.

Mdondo hauchagui banda

Kuna hatari moja ambayo wingi hauiponyi kabisa. Singida inasifika kwa kuku wa kienyeji, wanaosafirishwa kwenda Dar es Salaam kila siku. Mfugaji wa kuku anaujua mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, si ghali na haihitaji ubaridi mkali kama chanjo za zamani. Kijiji kizima kinaweza kuchanja. Lakini kaya chache zisipochanja, ugonjwa hupata pa kuishi na kuzungukia, na unapopanda baiskeli ya mchuuzi kwenda mnadani haumuulizi mtu kama alichanja.

Baadhi ya hatari za akili mnemba zina tabia ya mdondo. Wataalamu wanahofia, kwa mfano, kuwa programu yenye uwezo mkubwa inaweza kumsaidia mtu mwovu kutengeneza sumu au vijidudu vya maradhi. Kampuni tisa zikiwa makini na ya kumi ikawa mzembe, mwovu ataenda kwa ya kumi. Kwa hatari ya namna hiyo usalama wa wote ni usalama wa aliye dhaifu kuliko wote, na kila kampuni mpya inayoongezeka ni banda jipya la kukagua. Kwa hatari nyingine mambo ni kinyume. Uongo wa programu moja kuhusu bei au kuhusu dawa hugunduliwa kwa kulinganisha, na hapo kila jicho jipya linasaidia.

Kwa hiyo anayejibu kwa neno moja, "mmoja" au "wengi", hajaeleza anaogopa hatari ipi. Mwandishi huyu, akilazimishwa kuchagua, angechagua kadhaa, tena wachache wanaokaguliwa na mtu asiye mmoja wao. Sababu ni ile ya karatasi za NMC: pasipo na bei ya pili, kosa linakaa muda mrefu mno kabla halijajulikana, na kwa chombo chenye nguvu kiasi hicho muda mrefu huenda usiwepo. Lakini anachagua akijua kuwa bila mkaguzi amechagua lumbesa, na lumbesa ya safari hii haiishii kwenye mgongo wa mpakiaji.

Mkaguzi huyo bado hajakamilika. Novemba 2023 Uingereza iliita mkutano Bletchley Park, na nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zikakubaliana kuwa hatari zipo na zishughulikiwe kwa pamoja. Kutoka Afrika zilikuwamo Kenya, Nigeria na Rwanda. Tanzania haikuwamo katika orodha hiyo. Februari 2025 mkutano wa namna hiyo ulifanyika Paris, na safari hiyo Marekani na Uingereza zikakataa kutia saini tamko la mwisho. Uingereza na Marekani zote zilikuwa zimeanzisha taasisi za kupima akili mnemba kabla na baada ya kutoka, lakini hizo ni kama ofisi ya vipimo ambayo mwenye mzani anaikaribisha akipenda.

Kwa mfanyabiashara ambaye hataki kungoja mikutano, lipo la kufanya msimu huu. Akiwa na programu mbili zinazomshauri bei, aulize kila moja imejengwa juu ya injini ya nani. Zipo programu nyingi zenye majina tofauti na rangi tofauti ambazo nyuma yake ni kampuni ile ile, na hapo ana mshauri mmoja anayelipwa mara mbili. Kabla ya kununua mzigo wa maana, awe na angalau bei moja iliyotoka kwa mtu aliyesimama mbele ya magunia, awe Misuna kwenye vitunguu, kiwandani kwenye alizeti au Dar es Salaam kwa mpokeaji. Mwenye hisa naye asiuze kwa jibu la programu kabla hajasoma hesabu za kampuni yenyewe, ambazo hutangazwa hadharani. Na mwenye mashine ya kukamua asiuze ile injini ya dizeli.

Wiki ijayo ukurasa huu utarejea kwenye bei za vitunguu, alizeti na mashudu.